Joto Katika Nyumba ya Miche: Hewa Kwanza, Kivuli Pili, Maji Tatu

Wakulima wengi wa skimu siku hizi husia mbegu za nyanya, kabichi na pilipili hoho ndani ya nyumba ndogo iliyofunikwa kwa nailoni. Jambo hili ni jema. Matone makubwa ya mvua hayaipigi miche, kuku hawaichakuri, na baridi ya usiku hupungua. Lakini nyumba hiyo hiyo inayoikinga miche yaweza pia kuiua kwa mchana mmoja tu, ikiwa mwenyewe hajui namna ya kulitawala joto. Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Tutatumia nyanya kuwa mfano.

Kwanza fikiri hesabu. Robo ekari ya nyanya, ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya mche na mche, huhitaji miche karibu 1,900. Miche yote hiyo hutosha katika nyumba ndogo kama chumba kimoja. Basi uzembe wa siku moja waweza kuharibu robo ekari nzima. Mbegu chotara ni ghali, lakini mbegu waweza kununua tena. Usichoweza kununua ni zile wiki nne au tano ulizokwisha kuitunza miche. Mvua haitakungoja, soko halitakungoja, wala mwenye kukudai mkopo wa mbolea hatakungoja.

SABABU YA JOTO

Miali ya jua hupita katika nailoni na kuupiga udongo, trei na miti ya nyumba. Vitu hivyo hupata moto, navyo huipasha moto hewa iliyo karibu. Nje ya nyumba hewa iliyopata moto hupanda juu ikaenda zake, na hewa baridi huja mahali pake. Ndani ya nyumba iliyofungwa hewa haina pa kwenda. Hewa ile ile huzidi kupashwa moto saa baada ya saa. Umepata kuingia ndani ya gari lililofungwa vioo na kuachwa juani? Ndivyo ilivyo nyumba ya miche saa sita mchana.

Kumbuka pia kwamba nyumba fupi hupata joto upesi kuliko nyumba yenye kimo, kwa sababu hewa yake ni kidogo. Ukijenga, yafaa pande za nyumba zifike mita 2.

Sasa tutazame mche wenyewe. Jani hujipoza kwa kutoa jasho, kama mtu. Maji hutoka mizizini, hupanda shinani, kisha hutoka kwa vitundu vidogo sana vya jani na kukauka hewani. Kukauka huko ndiko kunakoliletea jani ubaridi. Lakini mche mchanga una mizizi mifupi. Joto likizidi, mizizi haiwezi kupeleka maji ya kutosha. Hapo jani hufunga vitundu vyake ili lisikauke, na likisha kuvifunga haliwezi tena kujipoza. Ndipo huungua.

PIMA, USIKISIE

Nunua kipimajoto. Kitundike katikati ya nyumba, usawa wa majani ya miche, mahali ambapo jua halikipigi. Ukikitundika juani kitakudanganya, na ukikitundika juu karibu na paa kitakuonyesha joto la paa wala si la miche.

Mbegu za nyanya huota vizuri udongo ukiwa na joto la digrii 20 hadi 30 za Selsiasi. Miche ikisha kutokeza haihitaji tena joto jingi hivyo. Yahitaji mwanga na hewa. Wakati wa mchana digrii 20 hadi 27 zaifaa sana. Kipimajoto kikifika 30, nyumba yote iwe wazi. Kikipita 35, miche huanza kudhurika. Kabichi hupenda ubaridi zaidi, kiasi cha digrii 15 hadi 20, kwa hiyo iweke karibu na mlango au uisie nje chini ya kivuli chepesi.

Tena, fikiri mahali ulipo. Kadiri unavyopanda mlima, joto hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Mwea iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na Kinangop ya Kusini kiasi cha mita 2,500. Kwa hiyo saa ile ile ya mchana mwenzako wa Mwea anaweza kuwa na digrii kama 8 zaidi yako. Usiige nyumba yake bila kufikiri, wala yeye asiige yako. Wa Kinangop hutafuta namna ya kuhifadhi joto la usiku. Wa Mwea hutafuta namna ya kulitoa joto la mchana. Lakini hata Kinangop nyumba iliyofungwa huweza kuunguza miche jua likiwaka.

DAWA YA KWANZA NI HEWA

Sehemu za kupitisha hewa zisiwe chini ya moja kwa tano ya eneo la sakafu. Hesabu yake ni rahisi. Nyumba yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 ina sakafu ya mita za mraba 18. Moja kwa tano yake ni mita za mraba 3.6. Ukikunja nailoni ya pande zote mbili ndefu kwa kimo cha sentimita 30, umepata mita hizo 3.6 barabara.

Ikiwa umeweka wavu wa kuzuia wadudu, ujue kwamba wavu mwembamba huzuia hewa pia. Basi usiridhike na sentimita 30. Kunja hadi sentimita 60 au zaidi. Wavu ni mzuri, maana nzi weupe huleta magonjwa ya nyanya, lakini wavu bila nafasi ya kutosha huua miche kabla nzi hawajafika.

Na kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu, acha uwazi juu ya paa au juu ya kuta za mbele na nyuma. Hewa baridi itaingia chini na ya moto itatoka juu, bila wewe kufanya kazi. Tazama upepo wa kwenu hutoka upande gani, na upande huo usiuzibe kwa ghala wala kwa ua mrefu.

Fungua nyumba mapema. Huu ndio moyo wa somo. Usingoje hadi kipimajoto kionyeshe 35 ndipo ukimbie. Fungua kikifika 25, kwa kawaida kiasi cha saa 3 asubuhi. Na siku ukienda sokoni au barazani, acha pande zimefunguliwa, hata kama asubuhi kuna mawingu. Mawingu ya Julai huweza kufunguka ghafula, na nyumba iliyofungwa hupata moto kwa dakika chache. Mche uliopata ubaridi kidogo mchana utapona. Mche uliokwisha pikwa haurudi kuwa mbichi.

DAWA YA PILI NI KIVULI

Hewa peke yake haitoshi miezi ya jua kali, yaani Januari hadi Machi katika sehemu nyingi zetu. Hapo weka wavu wa kivuli unaozuia kiasi cha asilimia 30 hadi 50 ya mwanga. Usipokuwa nao, nyasi zilizotandazwa kwa uchache juu ya fito zitafaa. Kivuli kiwe juu ya nailoni, nje, si ndani. Kikiwa nje huyazuia miali ya jua kabla haijaingia. Kikiwa ndani, joto limekwisha ingia.

Lakini kivuli kisizidi. Mche ulionyimwa mwanga hurefuka, ukawa mwembamba na mweupe-mweupe, nao huanguka siku ya kupandikizwa. Weka kivuli saa 5, ukiondoe saa 10. Siku ya mawingu usiweke kabisa.

Tena angalia trei zako. Trei nyeusi zenye udongo kidogo hupata moto na kukauka upesi, hasa zilizo pembezoni. Ziweke juu ya meza ya fito yenye nafasi kati ya fito na fito, hewa ipite chini yake. Na miche isiguse nailoni, maana jani linaloigusa huungua.

DAWA YA TATU NI MAJI

Wengine watashangaa kwamba maji yamewekwa nyuma. Tuseme kuna wakulima wawili, nyumba zao ni sawa, na saa 7 mchana kila mmoja anaona miche imelegea. Wa kwanza, kwa kuogopa wadudu, amefunga pande zote, naye anamwaga maji kopo baada ya kopo. Wa pili alifungua saa 3 na kuweka kivuli saa 5; anaugusa udongo, anaona una unyevu, anaiacha miche ilivyo. Jioni miche ya wa pili imeinuka. Ya wa kwanza imo ndani ya mvuke kama sufuria iliyofunikwa. Hewa imejaa maji, jasho la jani haliwezi kukauka, na ule ubaridi hauji. Tena udongo uliolowa kupita kiasi, bila hewa kutembea, huleta ugonjwa wa kuoza shina. Kwa hiyo maji bila hewa huzidisha taabu.

Mwagilia asubuhi na mapema, udongo ulowe hadi chini ya trei. Siku ya jua kali rudia alasiri kidogo ikiwa udongo umekauka, lakini majani yapate nafasi ya kukauka kabla ya usiku. Kama watumia mpira wa maji, usimwagilie kwa yale maji ya kwanza. Mpira mweusi uliolala juani hujaa maji ya moto yanayoweza kuunguza mizizi. Yaache yatoke kwanza, kisha yapime upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mche ukilegea mchana na kuinuka jioni, na udongo una unyevu: joto limezidi. Ongeza hewa na kivuli, si maji.

Mche ukilegea asubuhi na mapema: tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu, una kiu. Ukiwa umelowa, mizizi ni mgonjwa.

Mche ukirefuka na kuwa mwembamba: mwanga ni mdogo, au miche imesongamana, au joto la usiku ni jingi.

Shina likisinyaa na kugeuka rangi usawa wa udongo, mche ukaanguka: huo ndio ugonjwa wa kuoza shina. Ng'oa mche huo na wa jirani yake, punguza maji, ongeza hewa, na umwonyeshe bwana shamba au bibi shamba wa kwenu siku hiyo hiyo.

KABLA YA KUPELEKA SHAMBANI

Miche iliyolelewa ndani ni kama mtoto aliyekaa kivulini. Usimpeleke juani ghafula. Siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza, punguza maji kidogo kidogo, wala usiiache miche ikauke. Ondoa kivuli, kisha uitoe nje saa chache kila siku, ukizidisha hadi ikae nje kutwa. Mche wa nyanya ulio tayari una kimo cha sentimita 10 hadi 15, shina nene, na umri wa wiki 4 hadi 6. Panda jioni au siku ya mawingu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Nyumba yako ina urefu gani na upana gani? Sehemu zake za hewa zatosha moja kwa tano ya sakafu?

2. Kwa nini kivuli huwekwa juu ya nailoni, si chini yake?

3. Miche imelegea saa 7 mchana na udongo una unyevu. Utafanya nini kwanza?

4. Ukiwa safarini, ni nani nyumbani kwako ajuaye kufungua nyumba ya miche na kukisoma kipimajoto?

Swali la mwisho lijibiwe nyumbani wala si katika kikundi tu. Mara nyingi mwenye shamba yuko mbali saa ya jua kali, na aliye karibu ni mke, mume, kijana au mzee wa nyumbani. Mfundishe yeyote huyo mambo matatu kwa mpango wake: hewa kwanza, kivuli pili, maji tatu.