Mkono Wako Unatosha, Mdogo Wangu

Leo nazungumza na wewe wa kidato cha tatu au cha nne unayeipenda Baiolojia, na ambaye kila ukisema unataka kuwa daktari wa mifugo unaulizwa: "Mwanamke utamwezea wapi ng'ombe dume?"

Hilo swali tulijibu kwanza, maana limewakatisha tamaa wasichana wengi wenye akili. Hata mwanamume hamshindi ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe huingizwa kwenye kibanio, hufungwa kamba, na ikibidi huchomwa sindano ya kumtuliza. Chukua ndama aliyekaa vibaya tumboni, mguu mmoja wa mbele umekunjika kwa nyuma. Majirani wamekusanyika, wanataka kuvuta. Wakivuta hivyo hivyo, wanaweza kumuua ndama na mama yake. Daktari anavaa glavu ndefu ya kufika begani, anapaka kilainishi, anamrudisha ndama ndani kidogo, anautafuta ule mguu. Kwato anaifunika kwa kiganja isije ikachana mfuko wa uzazi, kisha anaunyoosha mguu taratibu. Hapo ndipo kamba inafungwa, na kuvuta ni pale tu mama anaposukuma. Kazi hiyo inataka utulivu na ujuzi, na mkono mwembamba humo ndani ni neema. Kwa mbuzi na kondoo, mkono mnene mara nyingi haupiti kabisa.

Waliotutangulia walikataliwa waziwazi. Aleen Cust wa Ireland alimaliza masomo ya udaktari wa mifugo Edinburgh mwaka 1900, akanyimwa usajili kwa kuwa ni mwanamke. Aliendelea kutibu wanyama vijijini hadi alipotambuliwa rasmi mwaka 1922. Leo Uingereza madaktari wengi wa mifugo ni wanawake.

Kwetu Tanzania njia iko wazi. Shikilia Kemia na Baiolojia, usiziache hata mwalimu akiwa mkali. Shahada inasomwa miaka 5 pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Alama za kidato cha nne zisipokufikisha kidato cha tano, usilie ukakaa nyumbani: Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, una kampasi Tengeru, Mpwapwa na kwingineko, na unatoa astashahada na stashahada. Ukihitimu, jiandikishe Baraza la Veterinari kabla hujamchoma sindano mnyama wa mtu. Sheria ya mwaka 2003 inakutaka hivyo, na mfugaji ana haki ya kujua anayemtibia ng'ombe wake ni nani.

Sasa jambo ambalo wasichana hawaambiwi mapema. Ukiwa mjamzito, au ukihisi tu huenda ni mjamzito, usiguse prostaglandini, ile dawa ya kumleta ng'ombe kwenye joto. Inapenya kwenye ngozi na inaweza kuharibu mimba. Usichanje kwa chanjo hai ya ugonjwa wa kutupa mimba, wala usishike kondo la nyuma la ng'ombe aliyetupa mimba. Mwambie mkuu wako wa kazi mapema, mpangiane majukumu: maabara ina kazi, chanjo za kuku za mdondo zina kazi. Kujilinda hivyo ni sehemu ya taaluma, na yeyote atakayekuita mvivu kwa sababu hiyo hajui kazi yake.

Wazazi mnaosoma hapa, nawaomba: binti anayeamka alfajiri kukamua na anayejua ng'ombe gani hajala jana, huyo tayari ana jicho la daktari. Mlipieni ada kama mnavyomlipia kaka yake.

Na wewe mdogo wangu, usingoje chuo. Nenda ofisi ya kata ukamwone afisa mifugo, umwombe akuruhusu kufuatana naye siku ya chanjo au ya kuogesha. Vaa gamboti, beba daftari, na uliza maswali.