SOMO LA MWEZI: TUWAITEJE WATU WA SIASA?

Soma: Matendo ya Mitume 24:1–21



Wakati wa uchaguzi ukikaribia, twasikia maneno sokoni, kisimani, na hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Yule ni msaliti." "Yule ni kibaraka." "Yule si Mtanzania." Wanaosema hayo na wafuasi wa hao wanaosemwa hupiga magoti mbele ya meza moja ya Bwana. Tena jina baya likishamshika mtu halimtoki upesi. Laweza kumfuata mpaka kaburini, na watoto wake wakalirithi.

Katika sura tuliyosoma, Tertulo alimshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki. Hakuanza na ushahidi, alianza na majina: mtu wa fitina, kiongozi wa kundi la uzushi. Paulo alijibuje? Alikiri lililo kweli, kwamba aifuata ile Njia. Alikataa lisilo kweli. Kisha akataka wenye neno juu yake walete ushahidi. Kutokana na habari hii twaweza kujifunza mambo manne.

Kwanza, cheo kitajwe kama kilivyokuwa. Sisi wa Mvumi tunalo jina la Mazengo. Mmoja atasema alikuwa mfalme wa Wagogo wote tangu kale; mwingine atasema alikuwa kibaraka wa Waingereza. Maneno yote mawili yanafupisha habari mno. Zamani Ugogo ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake, na kazi yao kubwa ilihusu mvua na baraka za ardhi. Waingereza walipoanza kutawala kwa njia ya wenyeji, hasa baada ya sheria ya 1926, waliwapa baadhi ya viongozi uchifu wa serikali, pamoja na mabaraza na kodi. Mazengo alikuwa mtemi wa Mvumi aliyepewa uchifu wa namna hiyo. Uchifu huo ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, lakini jina lake lilibaki katika shule ya sekondari ya Mazengo, Dodoma, ambapo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilifunguliwa mwaka 2007. Tukieleza hivyo, msikilizaji ataweza kupima mwenyewe.

Pili, kushukiwa, kushtakiwa na kuhukumiwa ni mambo matatu mbalimbali. Chukueni mfano wa Bibi Titi Mohamed na Oscar Kambona. Wote wawili walikuwa viongozi wakubwa wa TANU, na wote wawili waliitwa wasaliti. Lakini habari zao si moja. Bibi Titi alishtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na Rais Nyerere akamsamehe mwaka 1972. Kambona aliondoka nchini mwaka 1967 na alitajwa kuwa mkuu wa njama, lakini hakusimama kizimbani. Alirudi mwaka 1992, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo hilo. Anayewaita wote wawili wahaini anamwongezea Kambona hukumu ambayo hakupewa. Na anayemsifu Bibi Titi kwa kuwaamsha wanawake wa Tanganyika, akaficha kwamba alihukumiwa, huyo naye hasemi kweli yote. Tuseme yote kwa mfuatano wake: alifanya kazi kubwa ya kudai uhuru, alihukumiwa, alisamehewa, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Haki haituruhusu kupunguza, wala haituruhusu kuongeza.

Tatu, kuhusu siasa ya mtu, tumsikilize mwenyewe, kisha tutazame matendo yake. Wako watu wa nchi za nje waliomwita Mwalimu Nyerere mkomunisti. Yeye alijiita mjamaa, na katika kijitabu chake cha mwaka 1962 alieleza Ujamaa kuwa umetoka katika udugu wa jamaa ya Kiafrika, wala si katika vita vya matabaka. Lakini kujieleza kwa mtu si mwisho wa habari. Wazee wetu wanakumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishwa kuingia vijijini. Atakayeeleza Ujamaa kwa haki ataje maneno yale, na uhamisho huu pia.

Nne, kabila, dini na asili visitajwe pasipo haja. Tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, tumesikia chama hiki kikiitwa cha Waislamu na kile cha Wachaga, ili watu wasisikilize hoja. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge, si raia. Baadaye alipewa uraia. Ikiwa hata mtu aliyekaa Bungeni aliweza kuulizwa hivyo, je, jirani yetu ambaye babu yake alitoka mbali atajiteteaje kwa uvumi wa kilabuni? Uraia ni jambo la sheria, wala haupimwi kwa sura au jina la mtu.

Labda mtu atauliza: "Basi tunyamaze, tusimwambie mwovu uovu wake?" Hapana. Kiongozi akila fedha za kisima, tusiseme tu "mwizi". Tuseme ni fedha gani, kiasi gani, na nani aliyeona hesabu. Neno "mwizi" lamruhusu kujibu kwa tusi jingine, lakini hesabu yamlazimu kujibu kwa hesabu. Na neno "mpinzani" maana yake ni mtu wa chama kisichotawala; halina maana ya adui.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Ni jina gani la siasa linalotumika zaidi kijijini kwetu? Lina ushahidi gani?

2. Mtajeni kiongozi msiyempenda. Mweleze habari zake kwa namna ambayo yeye mwenyewe, akiwapo, angekiri kuwa ni kweli.

3. Katika mazishi ya mtu wa siasa, ni mambo gani yapaswa kusemwa, hata kama ndugu zake hawapendi? Ni yapi hayapaswi?