Dondoo muhimu: Kijiko gani kichimbe mtaro wako?

Maji ya Handeni hutoka mbali, Mto Pangani upande wa Korogwe, na Handeni imo katika Mradi wa Maji wa Miji 28. Kwa hiyo huku mitaro ya mabomba si jambo geni.

Unapochagua kijiko cha kuchimbia, anza na bomba, si mashine. Bomba la milimita 110 la mtaani linatoshwa na mtaro wa upana wa sentimita 45 hadi 60, kina cha mita moja na kidogo. Kijiko cha tani 5 hadi 8 kinaimaliza kazi hiyo bila kubomoa uzio wa jirani. Ukileta cha tani 20 chenye baketi pana, utalipia udongo usiohitaji kuuchimba, kisha utalipia tena kuurudisha. Hapo ndipo fedha nyingi za miradi midogo hupotelea.

Bomba kuu ni habari nyingine. Mtaro wa kina cha mita 2 au 3 unataka kijiko cha tani 13 hadi 22, hasa kama kijiko hicho hicho ndicho kitakachoshusha mabomba. Mkono ukinyooshwa mbali, uwezo wa kunyanyua hushuka sana.

Kwenye mawe, weka nyundo ya kuvunjia. Kwenye tope la bondeni, chagua minyororo mipana.

Udongo uliochimbwa ukae angalau mita moja kutoka ukingoni. Mtaro ukizidi kina cha mita 1.5, tafadhali usimruhusu fundi ashuke kabla kuta hazijaegemezwa au kulazwa.