Udi Hauondoi Uvundo wa Nguo

Masika yaingiapo katika miji yetu ya pwani, baina ya Machi na Mei, hapana nyumba isiyojua harufu ya uvundo. Kanzu iliyofuliwa hutolewa sandukuni siku ya Ijumaa, nayo yanuka kama jamvi lililonyeshewa. Mwenyewe hufanya nini? Huifukiza udi, akazidisha na marashi, akaenda zake msikitini. Akiisha kukaa safuni, jasho likamtoka, uvundo hurudi pale pale, na aliye ubavuni mwake hana pa kukimbilia mpaka imamu atoe salamu. Nasi sote twajua kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, na sababu ni harufu.

Udi twaupenda, wala hatusemi uachwe. Lakini udi ni pambo la nguo safi. Nguo iliyovunda ukiifukiza umeongeza harufu ya pili juu ya ya kwanza.

Asili ya uvundo ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa jicho, yaani kuvu na bakteria, ambao hula jasho na mafuta ya mwili yaliyobaki katika nyuzi. Wakipata unyevu huzaana. Mwaka 2012 wataalamu wa Japani walieleza uchunguzi wao juu ya nguo zinukazo hata baada ya kufuliwa, wakamtaja bakteria aitwaye Moraxella osloensis. Huyu hustahimili ukavu. Nguo ikikauka hutulia. Ikilowa tena, ijapokuwa kwa jasho, huanza kazi yake upya. Ndiyo maana kanzu ilionekana njema nyumbani ikaaibisha msikitini.

Basi dawa ni kumwondoa huyo pamoja na chakula chake. Kanzu ya pamba na ilowekwe nusu saa katika maji ya digrii 60, ambayo mkono hauyavumilii, kisha ifuliwe kwa sabuni na isuuzwe sana. Wengi huzidisha sabuni wakidhani ndiyo usafi. Isiposuuzwa ikatoka yote, hubaki katika nguo na kushika uchafu. Buibui la nyuzi za kiwandani halifai kuchemshwa, na nyuzi hizo hushika mafuta ya mwili kuliko pamba. Hilo na liloweshwe katika maji yaliyotiwa siki nyeupe, kipimo kimoja cha siki kwa vinne vya maji, ndipo lifuliwe. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, maana hutoa hewa ya sumu iumizayo kifua.

Kisha kukausha, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibu kazi. Nguo hufuliwa jioni zikaachwa katika beseni hadi asubuhi. Au huanuliwa kwa hofu ya mvua, zikakunjwa ilhali kwapa na pindo zina unyevu. Pindo ndilo likaukalo mwisho, basi lishikwe kwanza. Jua likikosekana, nguo zitundikwe mbalimbali chumbani, madirisha wazi. Na kanzu iliyovaliwa ikatoka jasho isitupwe kapuni. Itundikwe ipate upepo.

Sanduku nalo lifutwe kwa siki, liachwe wazi juani, wala lisigandamizwe na ukuta wenye unyevu.

Yabaki vidonge vyeupe vya nafthalini, viwekwavyo kwa ajili ya nondo. Hivyo navyo hufunika uvundo tu, na vina hatari. Wako watoto wachanga waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo nyingi katika nchi za malaria kama pwani yetu. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo iliyokaa na nafthalini, damu yake yaweza kuvunjika, akapata manjano na kufikia hali ya hatari. Nguo za mtoto zisiwekwe pamoja na vidonge hivyo hata kidogo, wala shuka na mablanketi atakayofunikwa.