Mwachie VJ kazi yake

Swali: Nimeandika skripti ya filamu kuhusu mgodi wetu, kurasa 164, tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956 hadi mafuriko ya 2013. Rafiki zangu wote wameishia ukurasa wa tano. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kilembe

Jibu: Mdogo wangu, ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Unatuomba karibu saa tatu! Hilo lingesameheka. Kilichowachosha rafiki zako kipo ukurasa wa kwanza, mama anapomwambia mwanawe: "Kama unavyojua, baba yako alifia mgodini." Ikiwa mtoto anajua, anaambiwa ya nini? Anaambiwa kwa ajili yetu watazamaji, nasi tunamnasa mwandishi papo hapo.

Nahisi najua ulikojifunzia. Wengi Uganda tumekulia kwenye vibanda vya video, VJ akitufasiria kila kitu kwa Kiganda: huyu mwizi, yule anampenda, subirini muone. Utamu wake siukatai. Katika Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, vituko vya VJ Emmie ni nusu ya burudani. Ila wahusika wako wasijifanye VJ.

Jaribu hivi. Juu andika mahali na wakati: NDANI. DUKANI – ASUBUHI. Mama anapima maharage kwa kofia ngumu ya mchimbaji, kuukuu. Mteja anauliza bei ya kofia. Mama anamwongezea maharage bila kujibu, kisha anaitundika kwenye msumari wa juu kabisa. Mtoto anatazama pembeni. Basi. Usiandike "mama anamkumbuka mumewe". Kamera haioni kukumbuka.

Reli na kufungwa kwa mgodi viache kwanza. Chukua siku moja tu, tarehe 1 Mei 2013, mto Nyamwamba ulipofurika hadi kuvamia hospitali ya Kilembe. Maji yanakuja, mama ana mikono miwili, mtoto na kofia. Kurasa kumi zinatosha.

Lugha isikusumbue: nyumbani waongee Lhukonzo, na mchuuzi aliyetoka Mpondwe mpakani aje na Kiswahili chake cha Kongo. Usimsanifishe.

Ukimaliza, wagawie rafiki zako nafasi, mmoja mama, mmoja mteja, wasome kwa sauti. Penye ulimi kujikwaa, kata. Wakikuuliza "huyu ni nani kwake?", usiwajibu kwa mdomo, rudi kwenye onyesho ulitengeneze.