Hesabu Kabla ya Safari

Katika Marekani ziko motokaa kubwa zenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Mwenye gari hilo huwachukua jamaa zake kupiga kambi pasipo kuhitaji hema. Na tutwae mfano wa Pismo Beach, mji mdogo wa pwani katika California, kati ya Los Angeles na San Francisco.

Kwanza, maji. Watu 4 wakikaa siku 3, na kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, watahitaji lita 240. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi maji peke yake ni kilo 240, kama kuongeza abiria wanne. Gari likizidishwa mzigo, breki hazilishiki upesi na mipira huweza kupasuka. Afadhali tangi lijazwe karibu na kambi.

Pili, bahari. Jirani na mji huo, huko Oceano, magari huruhusiwa kupita juu ya mchanga wa pwani. Sisi wa bara tuliozoea ziwa twaweza kudanganyika. Bahari hiyo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda kupita kawaida. Gari zito likizama mchangani, bahari haimngojei dereva akatafute kamba.

Basi, msomaji, jaribu hili: tangi la lita 150 litawatosha watu 5 siku ngapi, kila mtu akitumia lita 15 kwa siku?