UNAUZA WAYA NA EKSTENSHENI MTANDAONI? ULIZA KWANZA MZIGO UNAPANDA MLIMA GANI

Somo la leo ni la wale mnaouza ekstensheni, waya, chaja, adapta na vifaa vya sola kwa njia ya mtandao. Hata kama huuzi hivyo, soma tu. Kanuni ya mwisho inakuhusu.

Mwenye duka la mtaani anauzia mtaa wake. Wewe wa mtandaoni, picha ileile ya ekstensheni anaiona mtu wa Temeke na mtu wa Makete. Wote wanalipa bei moja, lakini kifaa kinakwenda kuishi maisha mawili tofauti. Dar iko usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Njombe inakaribia mita 2,000. Uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Eldoret ni kama mita 2,100 na Nyahururu imepita 2,300.

Ukituma kitu kisichofaa, mzigo unarudi kwa basi, nauli inakuhusu, hela ya mteja unairudisha. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni waya uliouza wewe kuunguza nyumba ya mtu.

1. MLIMANI KUNA NINI TOFAUTI?

Vitu vitatu.

Hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,000, hewa imepungua uzito kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Waya, adapta na inveta vikipata joto, hewa inayovizunguka ndiyo inayovipooza. Hewa ikiwa nyepesi, inapooza kwa uvivu.

Jua ni kali zaidi. Mionzi ya jua inayochoma ngozi, ndiyo hiyohiyo inayokausha plastiki, inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Usidanganywe na baridi. Waya uliotandikwa juu ya bati kule Kitulo unapigwa na mionzi kuliko wa Dar.

Baridi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linashuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Mwezi wa sita hadi wa nane, Kitulo na Makete asubuhi unakuta sakitu kwenye majani.

2. USIMTISHE MTEJA

Hapa naomba tuelewane. Waya wa kawaida wa nyumbani, wa umeme wa volti 230, haupotezi nguvu zake kwa sababu umepanda mlima. Kinachozuia umeme usitoke kwenye waya ni ile plastiki au mpira, sio hewa. Kwa hiyo waya mzuri wa shaba unaofaa ndani ya nyumba Dar, unafaa ndani ya nyumba Njombe.

Ukiona mtu anauza "waya maalum wa milimani" kwa bei mara mbili na hawezi kukuonyesha alama yoyote iliyoandikwa kwenye waya, huyo anauza maneno. Wewe usiwe yeye.

3. TATIZO KUBWA NI KINACHOCHOMEKWA

Mteja wa Dar ananunua ekstensheni achomeke feni na televisheni. Mteja wa Njombe anachomeka hita, birika la umeme, na taa za kupasha joto vifaranga. Hesabu yake ni hii:

Ekstensheni ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000.
Ya ampea 10 inabeba kama wati 2,300.
Hita ya wati 2,000 ukijumlisha na birika la wati 2,000 ni wati 4,000, yaani zaidi ya ampea 17.

Hapo hakuna ekstensheni ya kawaida itakayopona. Na watu wa baridi wana tabia ya kupitisha waya chini ya zulia au nyuma ya godoro, na joto linakosa pa kutokea. Ile baridi ya nje haisaidii kitu.

Kama unauza zile za kuzungusha kwenye gurudumu, soma kibandiko. Nyingi zina namba mbili: wati chache ukitumia waya ukiwa umezungushwa, wati nyingi ukiwa umefunguliwa wote. Mwambie mteja afungue waya wote kabla ya kuchomeka kitu kizito. Hii inahusu hata Dar, ila mlimani hewa nyepesi inafanya waya uliorundikana upoe taratibu zaidi.

4. JIFUNZE KUSOMA HERUFI ZA KWENYE WAYA

Usiuze kwa rangi wala kwa unene wa kuangalia kwa macho. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda.

H05VV-F: ganda ni plastiki ya PVC. Ni wa ndani ya nyumba. Usimuuzie mtu wa kuutandika nje juani moja kwa moja.

H07RN-F: ganda ni mpira. Unavumilia nje na unavumilia baridi hadi nyuzi 25 chini ya sifuri. Unafaa shambani, kwenye pampu na kwenye mashine za fundi.

H1Z2Z2-K: huu ni waya wa sola. Umetengenezwa kukaa juani miaka mingi. Mteja anayefunga paneli juu ya bati mpe huu, hata kama anang'ang'ania ule wa bei rahisi.

Kuhusu PVC na baridi: plastiki hiyo ikipoa sana inakakamaa, na ukiikunja kwa nguvu inapasuka. Ushauri wa mafundi ni kutoutandaza waya wa PVC joto likiwa chini ya nyuzi 5. Mteja wa Makete mwambie hivi: mzigo ukifika, uulaze ndani kwenye joto usiku mmoja, kisha ufungue taratibu mchana. Ushauri huo ni bure na unaokoa mzigo wako usirudi.

5. ALAMA YA MLIMA KWENYE ADAPTA

Chukua chaja au adapta iliyotoka China, geuza nyuma. Kwenye nyingi utaona alama ndogo ya mlima na namba 2000m. Maana yake kifaa hicho kimetengenezwa kwa matumizi ya chini ya mita 2,000.

Kwanini wanaandika? China ina miji ya juu sana, kwa mfano Lhasa ambayo imepita mita 3,600. Ndani ya adapta kuna sehemu zenye umeme ambazo zimetenganishwa na nafasi ya hewa tu. Hewa ikiwa nyepesi, cheche inaruka kirahisi zaidi kwenye ile nafasi. Kwa hiyo kanuni zao zinamtaka mtengenezaji aseme wazi kama kifaa hakikulengwa kwa maeneo hayo.

Kwako wewe maana yake ni rahisi. Mteja wa Mbeya hana shida. Mteja wa Kitulo, Eldoret au kambi za juu Mlima Kilimanjaro (Horombo ni mita 3,720), mtafutie adapta isiyo na kikomo hicho. Ukiagiza, muulize muuzaji wa kiwandani moja kwa moja: "Hii inaruhusiwa hadi mita ngapi?" Akisema 5,000, akutumie karatasi ya vipimo, sio neno la mdomo.

6. MASWALI MANNE YA KUMTUMIA MTEJA WHATSAPP

Nakili haya uyahifadhi kwenye simu yako:

"Asante kwa oda yako. Kabla sijafunga mzigo naomba unijibu:
1. Unatumia wapi, mji au kijiji gani?
2. Waya utakaa ndani au nje juani?
3. Utachomeka vitu gani kwa pamoja?
4. Unahitaji urefu wa mita ngapi?"

Mwinuko wa mahali unauona kwenye Google Earth kwa dakika moja. Kisha unamjibu mteja kwa kumtumia picha ya maandishi ya kwenye waya, sio picha ya mtandaoni. Majibu yake usiyafute. Siku akilalamika, mnarudi pamoja kuangalia alichosema na ulichompa.

KANUNI YA LEO: Usiuze kifaa kabla hujajua kinakwenda kufanya kazi wapi.

Kazi ya leo: nenda kwenye stoo yako, soma maandishi ya waya na adapta zote ulizonazo, halafu andika kwenye komenti umekuta alama gani. Usiyoielewa, iweke hapa tuisome pamoja.